Sarafu ya Malkia Elizabeth I yenye picha ya lango: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kila ninapoonyesha nakala ya sarafu hii, ninaulizwa maswali yaleyale. Nimeona heri niyajibu yote mahali pamoja. Nakala yangu ni ya kuigiza na niliinunua nikijua hivyo. Ya kweli sina, wala sitarajii kuwa nayo.

Ni sarafu gani hii?

Ni sarafu ya fedha iliyofuliwa London mwishoni mwa utawala wa Malkia Elizabeth I, mtawala wa mwisho wa ukoo wa Tudor. Haikukusudiwa kutumika Uingereza. Ilifuliwa ikatumike Bahari ya Hindi na visiwa vya viungo, huko iliko Indonesia ya leo, mikononi mwa wafanyabiashara wa Kampuni ya India Mashariki waliokuwa wakijiandaa kwa safari yao ya kwanza. Zilikuwa za ukubwa wa aina nne, zikihesabiwa kwa kipimo kilichoitwa testeni: testeni nane, nne, mbili na moja. Ile ya testeni nane ina uzito wa gramu 27 hivi na upana wa karibu milimita 40, yaani inajaa kiganjani. Ya testeni moja haifiki gramu 4.

Upande mmoja una ngao ya kifalme yenye taji juu yake, na herufi E na R kwa pembeni, kifupi cha "Elizabeth Regina", yaani Malkia Elizabeth. Upande wa pili una lango la ngome lenye taji, na minyororo inaning'inia kulia na kushoto.

Lango lenyewe ni la nini?

Ngome za Ulaya zilikuwa na lango la mapau yaliyosukwa kama wavu, lenye ncha kali chini, likipandishwa na kushushwa kwa minyororo. Adui akikaribia, minyororo inalegezwa na lango linashuka kwa kishindo. Lilikuwa alama ya ukoo wa Beaufort. Margaret Beaufort alikuwa mama yake Henry VII, mfalme wa kwanza wa Tudor, na kwa kuwa mfalme huyo alidai taji kwa damu ya mama yake, lango likawa alama ya ukoo mzima. Elizabeth alikuwa mjukuu wa mfalme huyo.

Huenda umewahi kulishika bila kujua. Senti ya Uingereza iliyofuliwa kuanzia 1971 hadi 2008, ile ndogo ya rangi ya shaba ambayo ndugu wa ughaibuni hurudi nayo mfukoni, ina lango hilohilo lenye taji na minyororo. Bunge la Uingereza nalo linalitumia kama nembo.

Mbona haina kichwa cha Malkia?

Hapa pana kichekesho kidogo. Neno "testeni" lina asili ya Kiitaliano, na shina lake ni neno la "kichwa". Waitaliano walitangulia kufua sarafu kubwa za fedha zenye sura halisi ya mtawala, Waingereza wakaiga chini ya Henry VII, na sarafu yao ya peni 12 ikaitwa kwa jina hilo. Baadaye ikajulikana kama shilingi. Kwa hiyo shilingi ya Kenya, Tanzania na Uganda, ambayo ukanda wetu uliipata mwaka 1921 chini ya utawala wa Waingereza, ukiifuata nyuma kizazi kwa kizazi utaikuta kwa Henry VII.

Sarafu hii basi imeitwa "kichwa" na kichwa haina. Wala thamani yake si ile ya testeni ya nyumbani. Jina liliazimwa tu.

Kwa nini Malkia hakupeleka shilingi zake za kawaida?

Kwa sababu mizani ilikataa. Biashara ya Bahari ya Hindi wakati ule ilikwisha kuizoea fedha ya Kihispania, iliyochimbwa Mexico na katika mlima wa Potosí, uliogunduliwa mwaka 1545 huko iliko Bolivia ya leo. Sarafu kubwa ya Wahispania ilikuwa ya reale nane. Reale moja ilikuwa na uzito wa gramu 3.4 hivi, na shilingi ya Elizabeth gramu 6. Ukitaka kulipa deni la reale nane kwa shilingi, utahitaji shilingi nne na nusu. Sasa mweleze hayo muuza pilipili manga wa Java ambaye hajawahi kusikia habari za London.

Ndipo likaja wazo la kufua sarafu ya Kiingereza yenye uzito wa Kihispania. Testeni nane ni reale nane, testeni moja ni reale moja. Sura ya Kiingereza, kipimo cha Kihispania.

Si wangebeba tu reale zenyewe?

Hilo ndilo wafanyabiashara walilolitaka. Walikuwa watu wa hesabu. Walijua soko linaitambua fedha gani, na hawakuwa na haja ya kulifundisha soko somo jipya.

Upande wa Malkia mambo yalikuwa mengine. Uingereza na Hispania zilikuwa vitani tangu 1585. Mwaka 1588 Mfalme Philip II alituma msafara mkubwa wa merikebu za kivita kuivamia Uingereza, ukashindwa. Isitoshe, tangu 1580 taji la Ureno lilikuwa kichwani mwa mfalme huyohuyo wa Hispania, kwa hiyo vituo vya Wareno kutoka Msumbiji hadi Malaka vilikuwa chini yake pia. Watu wa Elizabeth waende huko na fedha yenye jina la adui yake? Wenyeji wangesemaje, ila kwamba huyu malkia ni kibaraka wa Hispania, au hana hata kiwanda cha kufua sarafu? Alitaka ijulikane Mashariki kwamba naye ni mtawala kamili.

Wakafikia mwafaka. Hati ya kuanzisha Kampuni, iliyotolewa tarehe 31 Desemba 1600, iliwaruhusu kutoa nchini fedha ya kigeni ya thamani ya hadi pauni 30,000, jambo ambalo kwa kawaida sheria ililikataza, kwa sharti kwamba pauni 6,000 kati ya hizo zipitie kwanza kiwanda cha Malkia zikafuliwe upya. Kwa hiyo testeni na reale zilisafiri katika merikebu zilezile. Kwa maoni yangu, hapo wafanyabiashara ndio waliopata walichokitaka, na Malkia akapata heshima yake.

Zilifuliwa wapi, na kwa njia gani?

Katika Mnara wa London, kwa nyundo. Kipande cha fedha kilichokatwa na kupimwa kiliwekwa juu ya muhuri wa chini uliokitwa kwenye gogo, muhuri wa juu ukashikiliwa kwa mkono, kikagongwa. Ndiyo maana sarafu hizi si duara kamili, na mara nyingi picha imekaa upande, herufi za ukingoni nyingine zimekolea na nyingine hazisomeki.

Mashine ilikwisha kujaribiwa. Mfaransa mmoja, Eloy Mestrelle, alifua sarafu nzuri sana kwa mashine ya parafujo mlemle Mnarani kuanzia 1561. Mafundi wa nyundo walimpinga, akaachishwa, na mwaka 1578 akanyongwa kwa kosa la kughushi fedha. Baada ya hapo nyundo iliendelea peke yake kwa miongo mingi.

Vitabu vingine vinasema 1600, vingine 1601. Ni vipi vilivyo sahihi?

Vyote viwili. Waingereza wa wakati ule walianza mwaka wao tarehe 25 Machi. Januari tuliyoihesabu sisi kuwa ya 1601, kwao ilikuwa bado 1600. Sarafu yenyewe haina tarakimu za mwaka. Ina alama ndogo ya duara mwanzoni mwa maandishi, kama herufi O, iliyokuwa alama ya kiwanda kwa kipindi hicho. Kipindi kilichofuata kilipewa alama ya 1, kisha 2, basi unaweza kukisia kwamba ile O ni sifuri.

Maandishi ya kando yanasema nini?

Ni Kilatini kilichofupishwa. Upande wa ngao: Elizabeth, kwa neema ya Mungu, Malkia wa Uingereza, Ufaransa na Ireland. Usishangae kuiona Ufaransa humo. Waingereza walipoteza Calais, kipande chao cha mwisho cha bara la Ufaransa, mwaka 1558, kabla Elizabeth hajatawazwa, lakini wafalme wao waliendelea kujiita wafalme wa Ufaransa kwa zaidi ya miaka mia mbili. Ni kama mtu aliyeuza shamba zamani na bado barua zake anasaini "mwenye shamba". Yale maua ya yungiyungi kwenye ngao ni ya Ufaransa, na simba ndio wa Uingereza.

Upande wa lango: "Nimemweka Mungu kuwa msaidizi wangu." Maneno haya yalikuwa kwenye fedha ya Kiingereza tangu enzi za Edward III.

Fedha yake ilikuwa safi?

Ndiyo, sehemu 925 kwa kila 1,000, kiwango cha kawaida cha Uingereza, chini kidogo tu ya kile cha Hispania. Lakini swali ni zuri kwa sababu jina la fedha ya Kiingereza lilikuwa limechafuka katika karne hiyohiyo.

Aliyelichafua ni baba yake Elizabeth. Kuanzia 1544 Henry VIII, akitafuta fedha za vita, aliamuru shaba ichanganywe na fedha kwa kiasi kikubwa. Testeni zake zilionyesha uso wake kwa mbele, na sehemu iliyoinuka kuliko zote ilikuwa pua. Sarafu ikipita mikononi, utando wa fedha ulisuguka na shaba ikachomoza puani kwanza. Watu wakambandika Mfalme jina la Pua ya Shaba. Chini ya mwanawe Edward VI hali ilizidi, hadi mwaka 1551 zikafuliwa shilingi zenye robo tu ya fedha, robo tatu takataka.

Elizabeth aliikuta nchi katika hali hiyo. Mwaka 1560 aliamuru fedha mbovu irudishwe. Wakati wa kungoja, shilingi mbovu za Edward zilitiwa alama ili mtu wa kawaida ajue thamani yake: zilizo na nafuu ziligongwa lango dogo, zikahesabiwa peni nne na nusu, mbovu kabisa ziligongwa mbwa wa kuwindia, zikahesabiwa peni mbili na robo. Kwa hiyo miaka 40 kabla ya testeni za Mashariki, lango lilishawahi kugongwa kwenye fedha ya Kiingereza, kama alama ya "hii ni mbovu, ila si mbovu sana". Sarafu hizo zenye alama nazo ni adimu, na mimi, ningeambiwa nichague, ningechukua mojawapo ya hizo.

Zilisafiri na nani?

Na James Lancaster, aliyeongoza msafara akiwa ndani ya merikebu Red Dragon. Pamoja naye zilikwenda Hector, Ascension na Susan, na moja ya kubebea chakula. Walitoka London Februari 1601, upepo ukawakwamisha pwani, wakaiacha Uingereza Aprili. Kabla hawajafika Rasi ya Tumaini Jema, kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kilikwisha kuua zaidi ya watu mia moja. Mabaharia wa Red Dragon ndio waliobaki na nguvu, kwa kuwa Lancaster alibeba maji ya limau na kumpa kila mtu vijiko vitatu asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Ilibidi watu wake wavuke kwenda kuwasaidia wenzao kushusha matanga.

Wakapumzika Ghuba ya Antongil, Madagaska, kisha Juni 1602 wakafika Aceh, Sumatra. Sultani Alauddin aliwapokea kwa ndovu na karamu. Barua ya Elizabeth ikapokelewa kwa taadhima, ruhusa ya kufanya biashara ikatolewa. Tatizo ni kwamba pilipili manga haikuwapo ya kutosha, na bei ilikuwa juu kuliko walivyotarajia.

Kilichowaokoa ni uharamia. Oktoba, katika mlangobahari wa Malaka, waliiteka merikebu kubwa ya Wareno iliyosheheni nguo za pamba kutoka India. Wakazipeleka Bantam, magharibi mwa Java, na huko nguo zikanunua pilipili ambayo testeni zao zingehangaika kuinunua. Walirudi Septemba 1603 na zaidi ya ratili milioni moja za pilipili manga. Malkia alikwisha kufa Machi, hakupata kujua sarafu zake zilifika wapi. London ikafurika pilipili, bei ikaanguka, na baadhi ya wenye hisa wakalipwa pilipili badala ya pesa.

Je, zilifika Zanzibar au Mombasa?

Msafara huo haukupita kwetu. Lakini Lancaster mwenyewe alikuwa anaifahamu Zanzibar. Katika safari yake ya mwanzo, kabla Kampuni haijazaliwa, merikebu yake Edward Bonaventure ilitia nanga Zanzibar mwishoni mwa 1591 ikakaa hadi Februari 1592. Walikuwa wametokea Ngazija wakiwa wamepoteza zaidi ya watu 30 waliouawa walipoteremka kuteka maji. Unguja walipata maji na chakula, na wakakuta Wareno wenye kituo kidogo wamewatangazia wenyeji kwamba Waingereza ni wakatili wanaokula watu. Testeni zilikuwa hazijafuliwa bado.

Sokoni zilipokelewaje?

Vibaya. Hazikuwa na kasoro ya uzito wala ya usafi, ila hazikujulikana. Mfanyabiashara aliyezoea reale ana mizani, ana macho, na ana wateja ambao kesho watamuuliza hii nini. Akipewa sarafu ngeni ataikataa, au ataipokea kwa bei ya fedha mbichi. Safari zilizofuata Kampuni iliirudia reale, na testeni hazikufuliwa tena.

Mtu wa pwani halioni hilo kuwa jambo la ajabu. Reale za Kihispania za karne ya 18 zenye picha ya nguzo mbili, hapa kwetu ziliitwa reale ya mzinga, kwa kuwa waliozitazama waliona mizinga badala ya nguzo. Ile ya Maria Theresa wa Austria ikaitwa reale ya Sham. Hiyo ya mwisho iliaminiwa hivi kwamba baada ya Malkia huyo kufa mwaka 1780, viwanda viliendelea kuifua kwa mwaka uleule wa 1780, kwani Uarabuni na Uhabeshi watu walikagua hata lulu za kishaufu chake, na isiyofanana haikupita. Kila reale iliyozoeleka ilipewa jina lake. Ya lango haikukaa sokoni muda wa kutosha kupata jina.

Kwa nini leo ni adimu?

Zilifuliwa kwa kipindi kifupi, kwa safari moja, na nyingi zilipelekwa mbali ambako fedha ngeni huishia kwenye tanuri la sonara. Ukivaa bangili ya kale kutoka Sumatra, nani ajuaye. Ya testeni nane ndiyo inayotafutwa zaidi, na mnadani huuzwa kwa maelfu ya pauni hata ikiwa imechakaa.

Ninayo moja. Nitajuaje kama ni ya kweli?

Anza na mizani. Ya testeni nane ikiwa na gramu 20 au 33, hapo mazungumzo yamekwisha. Kisha tazama ubavu kwa kioo cha kukuzia: ukiona mstari unaozunguka ubavu wote, ni vipande viwili vilivyounganishwa, au imemiminwa kwenye kalibu. Tazama pia uwazi kati ya mapau ya lango. Iliyomiminwa huwa na vitundu vidogo kama vya chapati, na kingo za picha zimevimba. Iliyogongwa kwa nyundo, fedha imesukumwa ikajaa kwenye herufi, na kingo zake ni kali hata zikichakaa. Yangu ina vitundu, ina ule mstari, na uzito wake ni gramu 21.

Usiisafishe. Kuna aliyeniletea sarafu nyingine ya kale, si hii, akiwa ameisugua kwa majivu na ndimu usiku kucha ili ing'are. Iling'aa kweli, na thamani yake ikabaki ya uzito wa fedha. Na usiuze kwa picha za simu. Ipeleke kwa mtaalamu wa sarafu aishike.

Naweza kuiona wapi?

Jumba la Makumbusho la British Museum, London, linazo. Ukishindwa nauli, tafuta ile senti ya 1971 hadi 2008.